Panda Bila Wasiwasi

Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule kijana aliyemkumbatia mama mkwe wake mchana kweupe kando ya reli, kisha akampigia chafya usoni, na kama mmeisikia habari hii Bungoma, au Malakisi, au kwa mtu wa Cheptais ambaye hata hakuwepo lakini anaisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa dereva wa gari lenyewe, basi leo isikieni kwa mwenye aibu yake. Nimechoka kuisikia ikichekewa. Mimi pia hucheka, siwezi kukataa, lakini nikifika katikati ya kicheko hasira hunipanda upya kama siku ile, kwa sababu hao wanaocheka husahau kuuliza ile chokaa ilitoka wapi.

Ulikuwa mwaka wa homa. Homa yenyewe ilitoka pwani ikapanda bara kwa reli, stesheni baada ya stesheni, kama abiria mwenye tikiti yake mkononi, na kila mahali iliposhuka watu walilala. Haikuua kila iliyemgusa, lakini iliua vya kutosha, na hakuna aliyejua mapema nani atainuka na nani atabaki mkekani. Mahindi yalikaukia mashambani kwa kukosa wa kuvuna. Kanisani watu waliketi mbalimbali kama meno ya mzee. Na gari la moshi, lile gari tulilokuwa tukikimbilia stesheni kulitazama tu likipita, watu wa Kitale wakalibandika jina jipya: mama wa homa. Mtu wa Bungoma aliyekuwa na kazi huku juu aliona afadhali atembee kwa miguu kupitia Kimilili, alale njiani kwa watu asiowajua, kuliko kukaa ndani ya behewa karibu na pua ya mtu mwingine. Ukipiga chafya ndani ya gari ulishushwa stesheni inayofuata, na kama abiria walikuwa na nguvu za kutosha, hawakungoja stesheni.

Mimi nilikuwa karani wa mizigo hapo stesheni ya Kitale. Mchana nilihesabu magunia, jioni niliandika. Tulikuwa kikundi cha vijana tuliokutana nyuma ya duka la fundi cherehani, tukisomeana hadithi zetu na mashairi yetu, kila mmoja akiamini kwamba dunia inamngoja yeye amalize sura ya mwisho. Nilipenda maneno kama wengine wanavyopenda pombe. (Na kama pombe, yaliniangusha mbele ya watu.)

Siku moja stesheni masta akaniita ofisini mwake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, na alikuwa na wasiwasi, kwa maana mabwana zake walikuwa wameanza kuuliza kwa nini magari ya Kitale yanashuka matupu.

"Karani," akasema, "wewe nasikia una maneno matamu. Watu hawapandi. Niandikie kitu, halafu ukisome sokoni na ile tarumbeta ya bati ya kupazia sauti."

"Magari yameoshwa, bwana?"

"Yameoshwa."

"Yote? Hata ya daraja la tatu?"

Akanitazama. "Nimekuambia uandike, sijakuambia ukague."

Hapo ndipo ningesimama. Reli haikuwa mbali, behewa lilikuwa limesimama pale pale, hatua chache tu kutoka dirisha la ofisi, ningeweza kwenda nikafungua mlango nikachungulia. Sikuchungulia. Kichwani mwangu maneno yalikuwa yameshaanza kuimba, na mtu akiimbiwa kichwani hasikii kitu kingine. Nikaketi juu ya gunia nikaandika, na jioni hiyo nilisimama juu ya sanduku katikati ya soko la Kitale, tarumbeta mdomoni, nikapaza sauti:

"Enyi wasafiri! Gari limeoshwa kila pembe! Benchi zake ni safi kama sahani ya arusi! Hewa yake ni hewa ya mlimani! Nendeni kwa wapenzi wenu wanaowangoja! Panda bila wasiwasi!"

Wanawake wauza maboga wakaacha kupanga maboga. Mzee mmoja akavua kofia. Nikarudia, nikaongeza mstari juu ya mwezi na mto Nzoia ambao sasa siwezi kuukumbuka bila kutaka kujificha chini ya meza.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja sokoni pale ambaye sikumwona. Mama Nekesa.

Nekesa ndiye niliyekuwa nataka kumwoa. Kwao ni karibu na Bungoma. Mama yake alikuwa amepanda Kitale kumwuguza kaka yake yeye mwenyewe, mpishi katika shamba la Mzungu, na kaka alikuwa ameinuka, na mama alitakiwa kwake haraka kwa sababu kesho yake wazee wangekutana kuzungumza mahari. Mazungumzo hayo yalikuwa yameahirishwa mara kadhaa kwa ajili ya homa, na baba zake wadogo Nekesa walikuwa wamechoka kungoja. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Webuye, mwenye baiskeli, ambaye alikuwa anapita pita mbele ya boma lao akipiga kengele bila sababu. Ujumbe ulikuwa wazi: mama asipofika, au mimi nisipofika, wazee watamsikiliza mwenye kengele.

Mama Nekesa alikuwa ameapa hatapanda gari. Alikuwa tayari kutembea. Lakini alisikia tarumbeta, akamgeukia shangazi yangu, dada wa baba yangu, ambaye sisi humwita Senge na ndiye aliyekuwa mjumbe wa uchumba wetu, akamwambia, "Dada, kama huyo anayetaka mutoto wangu anasema gali ni safi, mimi ni nani wa kukataa?"

Senge alinieleza hayo usiku ule, na mimi, mjinga, nilivimba kwa furaha.

Asubuhi nilivaa koti langu jipya. Senge alikuwa amesaga ugoro kwa ajili ya babu yake Nekesa, ugoro wa tumbaku ya Malakisi, mkali, laini kama unga wa mtama, akaujaza ndani ya kopo lililokuwa la rangi ya viatu.

"Lete niweke ndani ya kikapu," akasema.

"Acha, Senge. Nitaubeba mwenyewe."

"Mufuniko wake imelegea."

"Nitaubeba mwenyewe!"

Nilitaka kulitoa kopo kifuani mwangu mbele ya wazee, kwa mkono wangu, kama bwana. Nikalitia mfuko wa koti, na juu yake nikatia kitambaa changu cheupe kilichokunjwa vizuri. Uamuzi mdogo kabisa. Mngekuwa nami mngeona ni jambo la kawaida.

Stesheni tulipata kioja cha kwanza. Karani wa tikiti alimwuliza Senge, "Mnaenda wapi?"

"Tunaenda mahali," akajibu Senge. (Alitaka kusema mahari, lakini kwa ulimi wa kwetu hizi herufi mbili ni ndugu wanaoazimana nguo.)

"Najua mnaenda mahali. Mahali gani?"

"Mahali ya mutoto ya huyu mama!"

"Hakuna stesheni inaitwa hivyo, mama. Songa."

"Ati hakuna? Wazee wanangoja huko, wewe unasema hakuna?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, mbali, kwa sababu nilikuwa nimesimama ng'ambo ya jukwaa, nyuma ya nguzo. Ninyi mnajua desturi yetu. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi benchi moja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Hawasemeshani ila kwa kupitia mtu. Ndivyo heshima ilivyo, na mimi niliipanga safari yangu kwa heshima hiyo: yeye behewa la mbele, mimi la nyuma, tukifika Bungoma ataondoka yeye kwanza.

Gadi, msimamizi wa gari, akafungua behewa moja tu la daraja la tatu.

"Na hayo mengine?" nikauliza.

"Watu ni wachache. Moja inatosha."

Nikarudi nyuma. Nikasema nitapanda gari la siku nyingine. Lakini siku nyingine ilikuwa ya mwalimu mwenye kengele, na stesheni masta alikuwa mlangoni pake, mikono nyuma, akisema kwa sauti ya chini, "Panda, karani. Wanakutazama wewe." Na kweli walinitazama. Wote waliokuwa wamenisikia sokoni, wakiwa na vitambaa puani, wakiwa na ndimu mikononi za kunusa, walikuwa wanangoja kuona kama mwenye maneno atayapanda maneno yake.

Nikapanda. Mama Nekesa alikuwa ameketi karibu na mlango, akitazama nje, leso imemfunika hadi machoni. Nikapita nikiwa nimejifunika uso kwa kofia kama mwizi, nikaenda kona ya mbali kabisa, nikauelekeza uso wangu ukutani. Senge akakaa katikati yetu na kikapu chake, kama mpaka wa nchi mbili.

Na hapo nikaiona.

Chokaa. Hawakuwa wameosha kitu. Walikuwa wamechukua chokaa kavu, ile ya kutupa chooni, wakainyunyiza kwa koleo: sakafuni, juu ya benchi, madirishani. Haikufagiliwa wala kumwagiwa hata ndoo moja ya maji. Chini ya benchi, chini ya chokaa, bado kulikuwa na maganda ya miwa ya abiria wa zamani na doa la matapishi lililokauka. Na kupitia dirisha langu, tulipokuwa tunaanza kuondoka, niliona behewa la daraja la kwanza mbele kwenye kona, milango yake bado inatiririka maji, na nikasikia harufu ya sabuni ya dawa ikiturudia na upepo. Kumbe maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo, hata mikono ya kuosha ilikuwepo. Vyote vilikuwa vimeishia mbele.

Nilitaka kusimama niseme. Mbona sikusimama? Kwa sababu nyuma yangu nilisikia sauti ya mzee Abdala, muuza vitambaa anayekaa karibu na msikiti wa Bungoma, akisema kwa furaha, "Huyu kijana alisema kweli, bana. Tazama weupe huu! Wamepaka rangi mpya!"

Basi nikanyamaza, nikaketi ndani ya uongo wangu.

Mpaka Leseru, ambako gari letu hukutana na gari la Uganda na behewa letu likafungwa nyuma yake, mambo yalikuwa ya kuvumilika, kwa sababu tulikwenda polepole. Baada ya Turbo reli ikaanza kuteremka na gari likapata miguu. Sakafu ikatetemeka. Chokaa ikainuka. Ikainuka taratibu, kama ukungu wa asubuhi juu ya mto, ikatufikia magotini, ikatufikia vifuani, ikaingia puani.

Sijui kama mmewahi kuona watu wengi wakizuia chafya kwa pamoja. Ni jambo la huzuni na la kuchekesha. Kila mtu alijua wa kwanza kuchemua atatupwa nje. Mwanamke mmoja alijibana pua mpaka vidole vikatetemeka. Mzee Abdala alikuwa amefunga macho, midomo ikicheza, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtu mwingine alijiuma mkono. Lilibaki gari tu, na magurudumu yake, na macho mekundu yakinitazama mimi, mimi niliyesema hewa ni ya mlimani, kana kwamba wanasema, wewe usipochemua, sisi tutavumilia.

Tukaipita Webuye. Bungoma ilikuwa mbele tu. Nilijiambia vumilia, Wafula, vumilia, mbele kuna Nekesa. Nikamfikiria marehemu babu yangu. Nikafikiria mwalimu na kengele yake. Pua ikawasha mpaka nyuma ya macho. Mwishowe sikuweza. Nikaingiza mkono mfukoni nikakivuta kitambaa, upesi, na kopo likatoka nacho.

Liligonga ukingo wa benchi. Mfuniko ukaenda zake. Na upepo wa dirishani, ambao safari nzima haukuwa na kazi, ukapata kazi.

Ugoro wa Malakisi hauhitaji kuelezwa. Wingu la kahawia likaingia ndani ya wingu jeupe. Mzee Abdala ndiye aliyefungua: chafya yake ilitoka kama bunduki ya mlinzi. Kisha mwanamke aliyejibana pua, kisha aliyejiuma mkono, kisha behewa zima, wakubwa kwa wadogo, waliokaa na waliosimama, kuku ndani ya kikapu cha Senge pia nadhani alichemua, na katikati ya mlipuko huo mtu akapiga ukelele:

"Homa! Homa imeingia!"

"Fungua mulango!"

"Ni huyo karani! Alituleta tukufe!"

Nikapaza sauti, "Si homa! Ni ugoro! Ni ugo—" na chafya ikanikata.

Mtu akavuta mnyororo wa kusimamisha gari. Mama Nekesa alikuwa ameshafika mlangoni, mlango umeshafunguka, na gari liliposhtuka kusimama yeye akaendelea mbele. Niliona leso yake ikipepea, nikaona hakuna kitu chini yake ila tuta la mawe. Msukumano wa watu ulikuwa umenifikisha nyuma yake. Sikufikiri. Nilirukia mlango, nikamshika kiunoni, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, na sisi wawili tukaporomoka pamoja, mimi chini yeye juu, mpaka ndani ya shamba la mahindi la mtu.

Tulipotulia uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu, karibu kiasi kwamba niliona makunyanzi ya macho yake, ambayo mkwe hapaswi kuyaona. Nikafungua mdomo niombe radhi.

Nikapiga chafya. Yote niliyoizuia tangu Turbo.

Watu walikuwa wanaruka kutoka behewani, wanakimbilia mahindini, wanachemua, wanalia, lakini nawaambieni, walipoona hayo wote walisimama kama nguzo. Hata waliokuwa katikati ya chafya zao walizimeza. Mzee Abdala akasimama juu ya tuta, ameshika kiuno, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Panda bila wasiwasi!"

Na jina likaniganda hapo hapo.

Gadi alikuja akipiga filimbi, akatuamuru turudi ndani. Hakurudi mtu. Alituita wapumbavu, washenzi wa porini, akasema gari halina kitu. Nikatazama mbele, kwenye daraja la kwanza: mapazia yalikuwa yamefunguliwa kidogo, nyuso zilituangalia tulivyotapakaa mahindini. Kisha watu wetu wakageuka kuanza kutembea, na hapo nikaona jambo ambalo hadi leo likinijia usiku silali. Kila mmoja wetu, nyuma, pale alipokaa, alikuwa mweupe. Mzee Abdala na kanzu yake, Senge na gauni lake la kanisani, wanaume na suruali zao za kazi. Sote tulikuwa tumepigwa muhuri makalioni, kama ng'ombe waliopimwa na daktari wa mifugo. Kumbe hiyo ndiyo sahani ya arusi niliyoiandika mimi.

Tukatembea juu ya reli kwenda Bungoma. Mimi mbele, mbali. Mama Nekesa nyuma, mbali. Senge kati, akipeleka maneno.

"Dada!" nikasikia sauti ya mama nyuma. "Uliza hiyo mutu: alinishika kwa nini?"

"Anauliza ulimushika kwa nini!" akapaza Senge, kana kwamba sikusikia.

"Mwambie angeanguka kwenye mawe."

"Anasema ungeanguka kwa mawe!"

Mama Nekesa akaifunga leso yake upya. Kisha: "Mwambie ningeanguka na heshima yangu. Lakini sawa. Ataleta blanketi ya kunitoa hiyo aibu, na tutanyamaza. Na ugoro, ajari ni ajari. Chafya nayo nimefuta."

Moyo wangu ukapanda. Nikaanza kutunga shukrani, shukrani ndefu, yenye jua na mvua ndani yake.

"Senge, mwambie mama kwamba kama vile mvua ya kwanza—"

"Dada, mwambie anyamaze. Bado nauliza." Sauti ilikuwa imebadilika. "Hii chokaa. Aliingia ndani ya hiyo gali akaona, kabla hajaniambia ni safi?"

Senge hakupaza. Aligeuka akanitazama, na yeye pia alikuwa anangoja jibu.

Kulikuwa na mataruma ya reli mengi ya kukanyaga, na niliyakanyaga. Mwishowe nikasema, "Hapana."

"Anasema hapana," Senge akasema polepole.

"Alitoa wapi hiyo maneno?"

"Kwa kichwa yake."

"Kaka yangu alilala kwa mukeka karibu akufe. Mimi nilikuwa nitembee. Nimepanda kwa sababu ya mudomo yake." Akatema chokaa kando ya reli. "Mimi sipatii mutoto wangu mutu ya kusifu nyumba hajaingia. Kesho atamusifia Nekesa ugali na hakuna unga. Arudi Kitale. Asimame kwa ile sanduku, na ile bati yake, aseme vile alikaa. Akisema, nitasikia. Asiposema, mwalimu ako na baiskeli."

Wazee walikutana, wakanywa, wakaambiwa wangoje. Babu yake Nekesa aliuliza ugoro wake uko wapi, na watu wakatoka nje kucheka.

Nilirudi Kitale kwa miguu. Nikaingia ofisi ya stesheni masta bila kubisha.

"Bwana, kwa nini behewa letu halikuoshwa?"

Hakuinua kichwa. "Maji ni kidogo, karani. Na hao wa daraja la tatu wamezoea."

Wamezoea.

Mnajua, ningeweza kuvumilia matusi. Gadi alitutukana na nilikuwa nimeshamsahau. Lakini neno hili lilisemwa bila chuki, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, na mtu mwenyewe akiendelea kunyoosha kofia yake. Wamezoea. Nani aliwauliza? Mzee Abdala aliyelia machozi ndevuni mwake, alizoea? Senge, anayefua gauni lake moja kila Jumamosi ili Jumapili liwe safi, alizoea? Nilichukua tarumbeta kutoka ukutani. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia, "Sokoni. Naenda kumaliza tangazo."

Nilisimama juu ya sanduku lile lile. Safari hii hakukuwa na mwezi wala Nzoia. Nilisema: sikuingia. Halikuoshwa. Maji yalikwenda daraja la kwanza, sisi tukapewa chokaa ya choo. Nimekaa juu yake, tazameni. Nikageuka nikawaonyesha suruali yangu, ambayo sikuwa nimeipangusa kwa makusudi. Mtu akapiga kelele, "Bila Wasiwasi!" na soko likacheka, kisha kicheko kikakatika, mtu kwa mtu, kama taa zinavyozimwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na nguo ya aina hiyo nyumbani.

Kazi iliisha jioni hiyo hiyo. Tarumbeta walinipokonya. Lakini gari lililofuata lilishuka bila mtu hata mmoja, na lililofuata hilo, na lile lingine, mpaka siku moja nilipopita karibu na reli nikawaona vibarua wakiwa na ndoo ndani ya daraja la tatu, wakisugua, maji meusi yakimwagika milangoni. Hawakutuomba radhi. Waliosha tu.

Ndipo nikaitwa stesheni ya Bungoma. Mama Nekesa alitaka kurudi kumwona kaka yake, na alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, leso hadi machoni, akizungumza na kikapu chake.

"Wewe kikapu," akasema, "mwambie hiyo mutu aingie kwanza."

Nekesa alikuwa kando yake, ameuma kanga ili asicheke. Mzee Abdala alikuwepo, na nusu ya Bungoma. Nilikuwa nimeazima suruali nyeusi. Nikaingia, nikaketi benchi la kwanza, la pili, la tatu, nikajisugua juu ya kila moja kama mtoto anayeteleza mlimani, kisha nikatoka mlangoni na, Mungu anisamehe, nikamgeuzia mama mkwe wangu makalio.

Senge akainama akakagua. Alichukua muda wake. Alipangusa kwa kidole, akakiangalia kidole juani.

"Nyeusi!" akatangaza. "Safi!"

Mama Nekesa hakugeuza uso. Alikiambia kikapu, "Basi mwambie abebe mizigo ya Nekesa. Tunaenda wote."

Nikaibeba. Nikapanda behewa lingine (safari hii yalifunguliwa mawili), na Bungoma nzima ikaniaga kwa jina langu jipya.

Bado naandika, na bado napenda maneno. Lakini hadi leo, mtu akiniletea kitu nikisifu, kiwe kiti, kiwe chama, awe bwana mpya, kwanza huvaa suruali nyeusi nikakikalia. Na nikiinuka, humwomba Senge atazame.